Walimu Wazee Wanaokaa Nyuma ya Darasa

Mwezi huu tumeombwa kueleza ile kazi ambayo wengi wenu mmeiona kwa macho bila kuambiwa ni kazi gani. Wazee wawili au watatu wanaingia shuleni asubuhi na kaye mkononi, wanakaa nyuma kabisa pamoja na watoto, hawafundishi, hawasemi kitu, halafu saa ya mapumziko wanatoka na mwalimu kwenda kukaa naye chini ya mti. Kuna aliyesema sisi ni wapelelezi. Kuna aliyesema tunatafuta kunyang'anya vijana kazi yao. Mama mmoja sokoni alituuliza kama tumeamua kuanza tena darasa la kwanza, tukacheka, maana yeye ndiye aliyekaribia ukweli.

Sisi ni walimu wa zamani, tuko tisa. Wengine tulifundisha Fizi na Baraka, wengine Uvira, mmoja wetu alikuwa direkta huko milimani kabla ya vita vya mwaka 1996. Wengine tulivuka ziwa mwaka ule ule ambapo kambi hii ya Nyarugusu ilifunguliwa, wengine tulikuja baada ya vita vya 1998, na wengine tulipitia Lugufu kwanza, tukaletwa hapa Lugufu ilipofungwa mwaka 2009. Macho yamepungua nguvu, magoti nayo yanalalamika, lakini mtu aliyeshika chaki miaka ishirini hawezi kupita karibu na dirisha la darasa bila kusimama asikilize.

Na tuliposimama tukasikiliza, hatukufurahi.

Shule tuliyoanza nayo jina lake tunaliacha, kwa sababu walimu wake bado wako pale na hatutaki mtu aonyeshwe kidole. Ilikuwa shule ambayo wazazi walikuwa wanahamisha watoto wao kimya kimya. Mwaka uliotangulia, watoto wa darasa la sita waliofaulu mtihani wa taifa wa Kongo walikuwa wachache hata hawakujaza benchi mbili. Na mjue, huu mtihani kwetu si karatasi tu. Huku kambini tunafuata programu ya masomo ya nchi tuliyotoka. Siku mtoto atakaporudi Kongo, au akienda kwingine, hana shamba la kuonyesha wala nyumba. Atakachoonyesha ni ile karatasi, na kile kilichomo kichwani.

Ni rahisi kusema walimu ni wavivu. Tumelisikia neno hilo hata kwenye mikutano ya wazazi, na hatukubaliani nalo. Shule ile ilikuwa na walimu kumi na wanne. Waliosoma pedagojia walikuwa watatu. Wengine ni vijana waliomaliza sekondari hapa hapa kambini, wana D6 yao ya biashara au ya sayansi, wakapewa chaki na orodha ya majina wakaambiwa ingia. Wazee mnakumbuka kwetu ilivyokuwa: aliyesoma humanite za pedagojia alifanya staji, alisimama mbele ya watoto huku mwalimu mzoefu akimtazama, akasahihishwa, akarudia. Kijana wa leo hakuona hata siku moja mtu mwingine akifundisha vizuri, isipokuwa kwa kukumbuka yeye mwenyewe alivyofundishwa akiwa mtoto, na wengi walifundishwa wakiwa zaidi ya mia moja katika darasa moja.

Kitu cha pili ni hofu ya mkaguzi. Kwetu inspekta alikuwa mtu mkubwa. Siku akisikika yuko njiani, tablo zinafutwa mara mbili, watoto wanavaa viatu vya kaka zao, na mwalimu anatoa fishi ya maandalio iliyoandikwa kwa wino mzuri. Inspekta anakaa, anaandika, anatoa pointi, anaondoka. Mwalimu anabaki na namba bila kujua kesho afanye nini tofauti. Hatusemi ukaguzi hauna faida, shule bila mkaguzi inaweza kuoza. Lakini mtu anayekupa pointi si yule unayeweza kumwambia, "Mzee, hili somo mimi mwenyewe silielewi." Kwa hiyo tulipopanga kazi yetu na direkta wa ile shule tuliweka sharti moja: hatuandiki ripoti ya mwalimu yeyote, na hata direkta asituulize nani anafaa na nani hafai. Alifikiri siku mbili akakubali. Tunamshukuru sana, maana bila lile sharti mlango ungebaki umefungwa.

Wiki ya kwanza hatukusema kitu. Tulichora darasa kwenye karatasi, kila mtoto nukta moja, na kila mtoto aliyesema neno tukamwekea alama. Darasa la tatu la mama mmoja mwalimu lilikuwa na watoto 118. Somo zima walisema watoto 11. Wote walikaa mistari mitatu ya mbele, na wasichana kati yao walikuwa wawili. Hatukumwambia lolote, tulimpa tu karatasi. Aliitazama, akacheka kidogo, halafu akanyamaza. Kesho yake alianza somo akiwa amesimama nyuma ya darasa, karibu na sisi, na wale wa nyuma wakageuka kumtazama kama wameona mzuka.

Hivi ndivyo kazi inavyokwenda, ndugu wasomaji. Hakuna dawa kubwa ndani yake.

Katika darasa la pili tuliona watoto wanasoma vizuri mno. Mwalimu anagusa neno kwa fimbo, darasa lote linaimba, sentensi baada ya sentensi, mpaka wapita njia wanasimama kusikiliza. Mmoja wetu aliomba ruhusa, akafunika mwanzo wa sentensi kwa kiganja, akauliza neno la katikati ni lipi. Kimya. Akauliza mtoto mmoja, akauliza wa pili, wa tatu. Walikuwa wameshika wimbo, si herufi. Mwalimu kijana aliona aibu sana, na tulimwambia hilo tumeliona hata kwetu, tena kwenye shule zenye madirisha ya vioo. Mchana ule tulikaa naye tukakata maboksi ya karatasi ngumu, tukaandika silabi, ma, ka, li, ndo, kila kundi la watoto wanane likapata rundo lake na kiongozi wake. Kazi yao ni kutunga neno, kulivunja, kutunga lingine. Kuna kelele, ndiyo. Ila mtoto anayetunga neno "kalamu" kwa mkono wake hawezi kuliimba tu, lazima alisome. Baada ya miezi miwili tulifunika tena sentensi kwa kiganja, na safari hii watoto ndio waliotucheka kwa kuuliza vitu rahisi.

Kifaransa ndicho kilichotuumiza kichwa zaidi. Kwetu mashariki ya Kongo mtoto anaanza kwa Kiswahili, halafu akipanda madarasa Kifaransa kinashika nafasi. Nyumbani anasema Kibembe au Kifuliiru, nje anasema Kiswahili, na hicho Kiswahili chenyewe cha kambini kimeshachanganyika na cha wenyeji. Kifaransa anakisikia wapi? Kwa mwalimu tu, na mwalimu mwenyewe anakiogopa. Kwa hiyo somo linakuwa kunakili: mwalimu ananakili kitabu kwenye tablo, watoto wananakili tablo kwenye kaye, kengele inalia. Kaye zimejaa, wazazi wanaridhika, ndani ya kichwa hamna kitu. Tuliwashauri walimu wafanye kitu kinachoonekana kama mchezo. Dakika kumi za kwanza hakuna kuandika. Chukua sufuria, ndoo, mwiko, jiwe, weka mezani, na useme nao kwa Kifaransa tu: nipe, weka, toa, iko wapi. Mwalimu anayeogopa anaandaa sentensi sita za siku ile, si zaidi, anazijua kabisa, anazitumia mpaka zinakaa. Kesho sita nyingine. Mwalimu naye anajifunza pole pole bila mtu kumcheka.

Jumamosi tunafanya kile ambacho wazee wanakijua kwa jina la selula: walimu wa shule wanakaa pamoja, mmoja anatoa somo mbele ya wengine, halafu linajadiliwa. Tuliamua kwamba wa kwanza kutoa somo awe mmoja wetu, na wa kwanza kulijadili wawe vijana. Yule direkta wa zamani alifundisha kutoa kwa kuazima, kwa vifuniko vya chupa vilivyofungwa kumi kumi kwenye mfuko wa plastiki. Somo lilikwenda vizuri sana. Akamaliza, akafuta mikono, akauliza kama kuna neno. Kijana mmoja akasimama akasema, "Mzee, ni zuri, lakini wewe umechukua watoto arobaini. Sisi wa mia na kumi na nane tufanyeje?"

Swali hilo lilibadilisha kazi yetu yote. Wiki iliyofuata mzee alichukua wote 118. Aliwagawa makundi, nusu wakiwa nje chini ya mti wakichora vijiti kwenye mchanga na viongozi wao, nusu ndani na vifuniko, na katikati ya somo wakabadilishana. Alitoka na sauti imekauka. Lakini vijana waliona kwamba inawezekana, na waliona pia ni kazi nzito kiasi gani hata kwa mtu mzoefu. Tangu hapo hatutoi ushauri wowote ambao haujajaribiwa na darasa zima. Hata kusahihisha kaye tulikupanga hivyo. Mwalimu hawezi kusahihisha kaye 118 kwa siku, na anayesema anaweza anaweka tu alama ya vyema bila kusoma. Basi anasahihisha mistari miwili ya benchi kila siku, kwa makini, na wengine wanabadilishana kaye wenyewe. Ndani ya wiki kila mtoto amesomwa na mwalimu wake mara moja kwa kweli.

Juu ya fimbo tutasema kwa kifupi. Mtoto anayepigwa kwa kukosa jibu anajifunza kunyamaza, na yule aliyenyamaza ndiye nukta isiyo na alama kwenye karatasi yetu.

Wengine mtauliza kama jambo hili tumelibuni sisi. Hapana. Nchi hii inayotuhifadhi ilishalifanya kwa ukubwa tusioweza hata kuuwaza. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, Tanzania iliamua watoto wote waingie shule ya msingi, na walimu hawakuwepo. Serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawaweka shuleni wafundishe huku wakijifunza: masomo kwa posta, masomo kwa redio, na waratibu wa elimu wa kata waliowafuata kuwafundisha na kuwatazama wakifanya kazi. Mafunzo yalichukua miaka mitatu. Walimu zaidi ya 35,000 walipatikana kwa njia hiyo. Kuna waliolalamika kwamba elimu ilishuka, na hawakusema uongo wote. Lakini wengi wa vijana wale waligeuka kuwa walimu hasa, na mahali mratibu alipofika mara kwa mara palikuwa tofauti na mahali alipofika kwa barua tu.

Huko Kakuma nako, kambi ya wakimbizi ya Kenya iliyoanza mwaka 1992, walimu wakimbizi walianza mwaka 2016 kupata mafunzo pamoja na Chuo cha Ualimu cha Columbia cha New York. Hawakuishia kwenye semina. Walimu walikuwa wanatembeleana madarasani, wao kwa wao, na kila kundi lilikuwa na mwalimu mzoefu wa nchi nyingine wa kuzungumza naye kwa simu, kwa WhatsApp. Mtu anapiga picha ya tablo yake anauliza, na jibu linakuja. Sisi mtandao unatusumbua, lakini tumeiga kidogo. Tuko na wenzetu walimu waliohamishiwa Marekani miaka iliyopita, na usiku mtandao ukitulia wanatutumia sauti. Mmoja alituma maelezo ya jinsi ya kufundisha sehemu kwa kutumia karatasi iliyokunjwa. Tulimsikiliza watu tisa kuzunguka simu moja yenye kioo kilichopasuka.

Na hapa tunafika kwenye neno gumu. Kambi inapoteza walimu kila mwaka, tena wazuri. Mwaka huu tumefundishana na kijana, mwaka kesho jina lake liko kwenye orodha ya kuondoka, na nani atamzuia? Tungekuwa na jina pale, nasi tungeondoka. Wengine wanaacha kwa ajili ya biashara ndogo sokoni, maana motisha ya mwalimu mkimbizi mnaijua, haimalizi mwezi na wala si mshahara. Yule mama wa watoto 118 alikuja kwetu muhula wa pili ameshika boksi la chaki anataka tulirudishe kwa niaba yake. Alikuwa na mtoto mgongoni, na alikuwa amepiga hesabu kwamba akikaanga mandazi anapata zaidi. Hatukubishana na hesabu yake kwa sababu ilikuwa sahihi. Tulimwomba atupe siku tatu, tukachukua darasa lake kwa zamu, yeye akapumzika. Siku ya nne alikuja kuangalia kama tumeharibu makundi yake. Alimaliza mwaka. Kama ataanza mwaka mwingine hatujui, naye hatujamuuliza.

Halafu Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Mnajua nyumba zilizolia mwezi ule. Mwalimu mmoja wa darasa la tano alikuwa ameshagawa sufuria zake, ameshaaga watoto, wamemwimbia. Alirudi shuleni akakuta darasa lake limepewa mwingine. Alikaa nyumbani wiki nzima. Sisi hatukuwa na maneno ya kumpa, tulimpelekea tu kaye na biki tukamwambia Jumatatu tunatembelea darasa la nne, twende. Sasa anakaa nyuma pamoja na sisi, ndiye mdogo wetu, ana miaka thelathini na moja, na kwa kweli anaona mambo ambayo macho yetu yanapita juu. Ni yeye aliyegundua kwamba siku ya mgao wa chakula wasichana wakubwa ndio wanaokosekana, na kwamba mwalimu wa hesabu alikuwa anaanza somo jipya siku hiyo hiyo ya mgao. Kubadilisha siku haikugharimu hata chaki moja.

Tuwe wa kweli pia juu ya sisi wenyewe. Kati yetu tisa, wawili wanaona kazi hii isifanywe bure, kwa sababu kitu cha bure kinadharauliwa na mzee naye anakula. Wengine tunaona tukingoja motisha watoto watazeeka. Mabishano hayo hayajaisha. Tangu mwaka 2025 misaada kwa wakimbizi imekatwa katika nchi nyingi, na hatuoni mfuko utakaofunguliwa kwa ajili ya wazee wa kukaa nyuma ya darasa. Lakini neno la hao wawili tunaliandika hapa, maana ni la haki, na anayepanga bajeti akilisoma asijifanye hakulisikia.

Matokeo? Ile shule mwaka huu waliofaulu darasa la sita wamejaza benchi tano na mtoto mmoja amesimama. Hatuchukui sifa yote, kulikuwa pia na vitabu vilivyofika na direkta anayefika kabla ya kengele. Darasa la nne bado ni baya. Mwalimu wake hataki tuingie, na hatutaingia mpaka aseme.

Ninyi wazazi tunawaomba vitu viwili tu. Jioni mwambie mtoto afungue kaye, weka kidole kwenye neno la katikati, si la kwanza, umuulize ni neno gani. Hata wewe usiyejua kusoma utaona usoni mwake kama anasoma au anabahatisha. Na ukisikia makelele ya makundi darasani usikimbilie kusema mwalimu ameshindwa kutawala watoto. Ingia uangalie kwanza.

Shule mbili nyingine zimetuomba, moja ya asubuhi na moja ya mchana, na tisa hatutoshi. Kama katika kijiji chako kuna mwalimu wa zamani, mwanamume au mwanamke, hasa mwanamke, maana kati yetu wako wawili tu, mwambie aje Jumamosi saa tatu asubuhi pale tunapokutana chini ya mwembe karibu na ofisi ya zoni. Asiyeweza kutembea mbali tutampangia shule iliyo karibu na nyumba yake. Aje na miwani yake kama anayo. Biki zipo, kaye zimebaki nne.